UZI: Kabla hujatoa kishika uchumba kwa ekari za bei rahisi Oregon, elewa jinsi jimbo zima linavyopangwa

Fundi_Ramani · #1

Wakuu, salaam. Swali linalorudi humu mara kwa mara ni hili: ekari 20 nje ya Salem au Woodburn, huko Oregon, Marekani, zinauzwa, bei ya ekari moja iko chini mno ukilinganisha na kiwanja cha mjini, kuna ubaya gani nikinunua nikajenga? Jibu lake limo kwenye sheria ya mwaka 1973, kwa hiyo vumilieni urefu.

Oregon haiachi kila mji ujipangie ardhi utakavyo. Mwaka 1969 Bunge la jimbo lilipitisha muswada SB 10 ulioagiza kila mji na kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi kufikia mwisho wa 1971. Hakukuwa na fedha za kazi hiyo wala chombo cha kuikagua, na kaunti nyingi hazikutekeleza. Ndipo Seneta Hector Macpherson, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Kaunti ya Linn, akausukuma muswada SB 100, na Gavana Tom McCall akautia saini tarehe 29 Mei 1973.

SB 100 iliziba lile pengo. Iliunda Tume ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Ardhi, wenyewe wanaiita LCDC, yenye wajumbe 7 wanaoteuliwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti, na idara ya wataalamu chini yake. Tume iliweka malengo ya jimbo, 14 ya kwanza yakipitishwa Desemba 1974, na leo yako 19. Lengo la 3 ni mashamba, la 4 misitu, la 10 makazi, la 14 ukuaji wa miji, la 16 hadi 19 ni pwani. Kila mji na kila kaunti ilitakiwa kuandika mpango kabambe wake, kuupeleka kwa tume, ukaguliwe kwa kulinganishwa na malengo, urudishwe ukiwa na kasoro, uandikwe tena. Wa mwisho walithibitishwa 1986. Leo ni kaunti 36 na miji 241, yote chini ya utaratibu mmoja.

Kila mji umezungushiwa mpaka wa ukuaji. Ndani yake panajengwa. Nje yake ardhi ni shamba au msitu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na anayepaswa kuthibitisha ni wewe mwombaji.

Mgeni_wa_Salem · #2

Asante mkuu. Lakini hapo nje ya mpaka naona nyumba, tena nzuri, kwenye ekari 5, ekari 10. Wale wamejengaje?

MamaShambani · #3

Kaka, nyumba unazoziona ni za aina tatu, usizichanganye.

Za kwanza zimejengwa kabla ya sheria kufika. Za pili ziko kwenye maeneo ya makazi ya vijijini, yaani vipande vilivyokuwa vimeshakatwakatwa na kujengwa kabla mpango wa kaunti haujathibitishwa. Kaunti iliomba msamaha wa Lengo la 3 au la 4 kwa vipande hivyo ikakubaliwa. Huko unaweza kujenga, ila viwanja vipya havishuki chini ya ekari 2, na sehemu nyingi ni zaidi ya hapo. Za tatu ziko ndani ya ukanda wa kilimo wenyewe, na hizo ndizo zenye masharti.

Kwenye ramani ya kaunti ukanda wa kilimo umeandikwa EFU. Ukiona herufi hizo, anza na udongo. Magharibi ya safu ya milima ya Cascade, udongo wa daraja la I (ndilo bora) hadi IV unahesabiwa ni wa kilimo. Mashariki, kwenye ukame, ni I hadi VI. Tangu sheria ya 1993, kipande kipya kwenye shamba hakikatwi chini ya ekari 80, na kwenye nyanda za malisho ekari 160, isipokuwa kaunti chache zilizothibitishiwa vipimo vidogo. Kwa hiyo ekari zako 20 huwezi kuzigawa. Na hata bila kuzigawa, kuwa na hati ya ekari 20 si kuwa na haki ya kujenga. Hapa ndipo watu huumia, kwa sababu hati na kibali cha nyumba ni vitu viwili mbalimbali.

Njia za kupata nyumba kwenye EFU, kwa kifupi:

Nyumba ya mkulima. Kwenye udongo wa thamani kubwa, na sehemu kubwa ya bonde la Willamette, ilipo miji ya Salem na Woodburn, ndiyo hiyo, shamba liwe *limeshaingiza* dola 80,000 ghafi kwa mwaka, kwa miaka 2 ya mwisho mfululizo, au 3 kati ya 5 ya mwisho. Ukiuza mifugo, gharama ya kuinunua inatolewa kwanza. Tia mstari hapo kwenye "limeshaingiza". Mpango wa biashara ulioandikwa vizuri haukubaliki; wanataka fomu za kodi na risiti za mauzo. Kwenye udongo usio wa thamani kubwa kiwango ni dola 40,000, au ukubwa wa ekari 160 zinazolimwa.

Nyumba ya hati ya zamani. Mwenye ardhi awe ameimiliki tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1985, au aliirithi kwa aliyeimiliki tangu wakati huo. Ukinunua wewe leo, haki hiyo imekufa. Dalali akikwambia "hii ina haki ya zamani", muulize haki ya nani.

Nyumba isiyo ya kilimo. Hii ni kwa sehemu ya ardhi isiyofaa kwa mazao, mifugo wala miti. Katika bonde la Willamette kipande chenyewe kiwe kilikuwepo kabla ya 1993 na udongo wake kwa sehemu kubwa uwe duni. Na kama ardhi yako inaweza kulimwa ikiunganishwa na ya jirani, haihesabiwi kuwa haifai. Maombi mengi hufia kwenye sentensi hiyo.

Ramani ya udongo ya serikali kuu iko wazi mtandaoni: chora kipande chako, itakuonyesha kila aina ya udongo na asilimia yake. Ukiona udongo uitwao Willamette au Woodburn, au Jory, ule mwekundu wa vilimani wanakopanda zabibu, usipoteze pesa kutafuta njia ya udongo duni. Ukiamini ramani imekosea, unaajiri mtaalamu wa udongo aliye kwenye orodha ya idara ya jimbo, na ripoti yake inapitia idarani kabla kaunti haijaipokea. Ripoti ya mtu wa pembeni kaunti haiigusi.

Fundi_Ramani · #4

Nimwongezee dada upande wa misitu, maana ekari nyingi za "bei ya kutupa" ziko huko na kipimo chake ni cha pekee.

Chukua ramani ya viwanja ilivyokuwa tarehe 1 Januari 1993. Tafuta kitovu cha kipande chako. Juu ya kitovu hicho weka mraba wa ekari 160, ambao kila upande wake ni nusu maili, takriban mita 805. Sasa hesabu. Kama msitu wako unaota futi za ujazo zaidi ya 85 za mbao kwa ekari kwa mwaka, mraba lazima uguse vipande vingine 11 vilivyokuwepo siku ile, na juu yake ziwe nyumba 3 zilizokuwepo siku ile na bado zipo. Msitu ukiota futi 50 hadi 85, vipande 7 na nyumba 3. Chini ya 50, vipande 3 na nyumba 3. Hivi ni vipimo vya magharibi mwa jimbo. Mashariki viwango vya uotaji viko chini zaidi.

Mantiki yake: kama tayari umezungukwa na watu, nyumba moja zaidi haiharibu msitu. Kama jirani zako ni miti mitupu, nyumba yako ndiyo itakayoleta moto, barabara na malalamiko ya dawa za kupulizia.

Makosa ninayoyaona kwenye maombi ni mawili. Watu huhesabu vipande vilivyokatwa baada ya 1993, na watu husogeza kitovu. Zamani wajanja walibadilisha mipaka na jirani ili kitovu kihamie kwenye vipande vingi, wapate nyumba nyingi kwenye msitu uleule. Sheria ya 2019 ilibana mchezo huo: kitovu sasa ni cha kihesabu, hakichaguliwi kwa jicho.

Mwanamji · #5

Naomba tugeukie upande wa ndani ya mpaka, maana watu wanautazama mstari kama ukuta uliojengwa mara moja mwaka 1979. Mstari ni matokeo ya hesabu, na hesabu inarudiwa. Mimi naamini nguvu yote ya mfumo huu iko kwenye hesabu hiyo, na udhaifu wake pia.

Sheria inasema ndani ya mpaka kuwe na ardhi ya kutosha miaka 20. Makadirio ya watu mji haujitungii. Nje ya eneo la Portland yanatolewa na kituo cha utafiti wa idadi ya watu cha Chuo Kikuu cha Portland State, na Portland yenyewe hufanyiwa na Metro, serikali ya mkoa iliyochaguliwa kwa kura inayosimamia miji 24 katika kaunti 3. Zamani makadirio yalifanywa na kaunti na miji yenyewe.

Chukua mji wa mfano wa watu 20,000 unaotabiriwa kufika 26,000.

Watu wapya 6,000. Ukichukua 2.5 kwa kaya unapata kaya 2,400. Ongeza asilimia 5 ya nyumba zitakazokuwa tupu, nyumba 2,520.

Sema asilimia 60 ni nyumba za kujitegemea, 6 kwa ekari: 1,512 ÷ 6 = ekari 252. Asilimia 40 ni ghorofa na nyumba za kuungana, 20 kwa ekari: 1,008 ÷ 20 = kama ekari 50. Jumla 302 za viwanja vitupu. Robo ya ardhi huliwa na barabara na njia za huduma, kwa hiyo gawanya kwa 0.75: ekari 403.

Sasa zunguka ndani ya mpaka uliopo uhesabu ardhi iliyo tupu. Toa miteremko ya asilimia 25 na kuendelea, toa bonde la mafuriko ya miaka 100. Tuseme zimebaki 310. Upungufu ni ekari 93.

Meya anafurahi, anataka kusogeza mstari ekari 93. Hapana. Kabla ya hapo mji lazima uonyeshe kuwa ardhi ya ndani haiwezi kubeba hitaji hilo. Badilisha mgawo uwe nusu kwa nusu: 1,260 ÷ 6 = 210, jumlisha 1,260 ÷ 20 = 63, ni 273, gawa kwa 0.75 upate 364. Upungufu umeshuka hadi 54. Ruhusu nyumba 7 badala ya 6 kwa ekari kwenye zile za kujitegemea: 180 + 63 = 243, gawa kwa 0.75 ni 324. Upungufu ni ekari 14. Shamba la ekari 79 limebaki shamba kwa mabadiliko ya karatasi mbili za kanuni za kanda.

Na zile 14 huzichukui popote unapopenda. Kwanza ardhi iliyokwishatengwa kama akiba ya mji, kama ipo, pamoja na vile vipande vya makazi ya vijijini alivyovitaja MamaShambani. Shamba lenye udongo bora ni la mwisho kwenye foleni.

Mgeni_wa_Salem · #6

Mkuu, hesabu nimeielewa. Lakini kama hesabu ni nzuri hivyo, mbona nyumba ndani ya mpaka hazishikiki bei?

Mwanamji · #7

Swali la haki kabisa, na watetezi wa mfumo huu wakilikwepa wanakosea.

Hesabu inasema "ardhi ipo". Haisemi kuna bomba. Ekari 310 za kwenye jedwali zinaweza kuwa hazina maji safi wala majitaka, au ni za wamiliki 60 ambao nusu yao hawauzi. Mfano hai ni Damascus, kusini mashariki mwa Portland. Metro iliiingiza ndani ya mpaka mwaka 2002, wakazi wakaunda mji wao 2004, kisha miaka ikapita bila kukubaliana mpango. Ardhi ni ya vilima na vijito, mabomba na barabara vingegharimu pesa ambazo mji mdogo hauna, na wapiga kura walikataa mipango waliyoletewa. Mwaka 2016 walipiga kura kuuvunja mji. Maelfu ya ekari zilihesabiwa kama makazi ya watu wa kesho kwa zaidi ya muongo, na nyumba hazikuja.

Kosa la pili limejificha kwenye ile foleni. Inasema anza na vipande vya makazi ya vijijini. Kwa kuokoa udongo ni sahihi. Lakini simama kwenye barabara ya eneo kama hilo: kila ekari 5 ina nyumba kubwa katikati, njia ndefu ya gari, kisima, shimo la majitaka, mwerezi uliopandwa na babu. Kupitisha barabara ya mtaa hapo unahitaji wamiliki 8 wakubali, na mmoja akikataa bomba linakwama. Shamba moja la ekari 80 lingejengwa miaka 3. Vipande 16 vya ekari 5 vinachukua kizazi.

Kosa la tatu lilikuwa la miji yenyewe. Mashamba yalilindwa kwa nje, ila kwa ndani mitaa mingi iliruhusu aina moja tu ya nyumba, ya familia moja katikati ya kiwanja chake. Ukifunga mlango wa nje na wa ndani pia, bei ipande isipande? Mlango wa ndani ulifunguliwa 2019 kwa sheria HB 2001. Miji yenye watu zaidi ya 10,000 lazima iruhusu nyumba ya familia mbili kwenye kila kiwanja kinachoruhusu nyumba ya familia moja. Ile yenye zaidi ya 25,000, na ya eneo la Metro, iruhusu pia nyumba za familia tatu na nne, za kuungana kuta, na vijumba vinavyozunguka ua mmoja. Mwisho wa kubadili kanuni ulikuwa Juni 2021 kwa midogo na Juni 2022 kwa mikubwa. Nyumba huja polepole kuliko sheria, lakini hatua hiyo ilichelewa miaka 40.

Mwaka 2024 sheria SB 1537 ikatoa nafasi ya mara moja: mji wenye uhaba wa ardhi na wa nyumba nafuu unaweza kuongeza hadi ekari 50 za makazi, au 100 kwa mji wenye watu 25,000 na zaidi, kwa njia fupi, ilimradi asilimia 30 ya nyumba ziwe za bei nafuu. Hilo sharti la asilimia 30 lisingekuwepo, ningeipinga.

Mali_Yangu · #8

Wakuu mnaongea hesabu tu. Mtu kanunua ardhi 1968 kwa jasho lake ili agawie watoto, serikali 1973 inamwambia hagawi tena. Hamjaona dhuluma hapo?

MamaShambani · #9

Ndugu, jambo hilo ni zito na Oregon yenyewe ililipigia kura mara nyingi. 1976, 1978 na 1982 yaliletwa mapendekezo ya kuubomoa mfumo, yakashindwa yote. 2004 ikaja kura iitwayo Measure 37: kama sheria iliyokuja baada ya wewe kununua imeshusha thamani ya ardhi yako, serikali ikulipe fidia au ikuondolee sheria. Ilipita kwa asilimia 61. Serikali hazikuwa na pesa za kulipa, kwa hiyo ziliondoa sheria. Madai yalizidi 6,500, na hayakuwa tu ya wazee wa kugawia watoto. Mengine yalitaka kukata mamia ya viwanja katikati ya mashamba. Wakulima jirani wakaanza kuuliza nani atawalipa wao, maji ya visima yakipungua na wakazi wapya wakilalamikia vumbi la mavuno.

2007 ikaja Measure 49, ikapita kwa asilimia 62. Mwenye dai halali aliruhusiwa hadi nyumba 3. Hadi 10 kama angethibitisha hasara, ila si kwenye udongo wa thamani kubwa wala eneo lenye uhaba wa maji ya ardhini. Mzee wako wa 1968 alipata nyumba zake 3. Kwangu hilo ni suluhisho la haki kuliko yote mawili yaliyotangulia. Mwaka 1973 hapakuwa na mlango wowote kwa mtu kama yeye, na kosa hilo lilikaribia kuuangusha mfumo wote.

Na usisahau upande wa pili wa mizani. Mwenye shamba kwenye EFU hutozwa kodi ya ardhi kwa thamani ya kilimo, si ya soko. Akiacha kulima na kupoteza nafasi hiyo, anadaiwa tofauti ya hadi miaka 10 nyuma. Ukinunua, uliza kama deni hilo linakufuata.

Fundi_Ramani · #10

Utaratibu wa kikao nao watu hawaujui, na ndipo haki hupotea.

Mtu akiomba kibali, kaunti inawatumia majirani taarifa, kwa kawaida siku 20 kabla ya kikao. Ripoti ya afisa mipango iwe tayari siku 7 kabla ya kikao. Ichukue, isome, kwa sababu imeorodhesha vigezo vyote. Kisha kanuni kuu: *usiposema hapo, hutasema tena*. Hoja ambayo haikuletwa kwa ufafanuzi wa kutosha, kwa mdomo au maandishi, kabla kumbukumbu za kikao hazijafungwa, haisikilizwi kwenye rufaa. "Napinga kwa sababu ya msongamano" haitoshi. Taja kigezo, taja ushahidi unaopungua. Ukihitaji muda, omba kabla kikao cha kwanza hakijafungwa kumbukumbu ziachwe wazi siku 7. Ukiomba kwa wakati, lazima wakupe.

Uamuzi wa mwisho wa kaunti utoke ndani ya siku 150 tangu ombi likamilike, mjini ni 120. Ukishindwa, unakata rufaa kwenye baraza maalumu la ardhi la jimbo, LUBA, ndani ya siku 21. Lilianzishwa 1979, lina wajumbe 3, na halisikilizi ushahidi mpya. Linasoma kilichomo kwenye faili. Ndiyo maana faili ndilo la kulijenga.

Na wenye mamlaka hubanwa vilevile. Woodburn ilianza safari ya kupanua mpaka wake 2005. Mahakama ya Rufaa ilirudisha uamuzi wa tume 2010, ikarudisha tena 2014, kwa sababu tume haikueleza vya kutosha kwa nini ardhi yote ile inahitajika. Miaka 10 ni mingi mno, nakubali. Lakini sababu ya kurudishwa ilikuwa maelezo, na maelezo ni kazi ya wiki chache ikifanywa sawasawa tangu mwanzo.

Kiambu_Juu · #11

Nafuatilia kutoka Kenya, ambako mashamba ya kahawa yanageuka estate. Sisi tuna sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, na kaunti zinatakiwa kuwa na mpango wa anga wa miaka 10. Tukiiga mstari wa Oregon si tutapona?

Mwanamji · #12

Kiambu_Juu, mstari peke yake hautafika mbali. Angalia SB 10 ya 1969: ilikuwa agizo bila fedha, bila mkaguzi, ikalala. Kilichofanya kazi ni ule utaratibu wa mpango kukaguliwa na chombo cha nje, kurudishwa ukiwa na kasoro, na mwananchi wa kawaida kuwa na mahali pa rufaa. Mwaka 1975 lilianzishwa shirika la 1000 Friends of Oregon, kazi yake kubwa ikiwa kufuatilia maamuzi na kukata rufaa. Bila watu wa namna hiyo malengo 19 yangebaki kabatini. Uliza kwenu: mpango wa kaunti ukikiukwa, nani ana haki ya kushtaki, kwa siku ngapi, na gharama yake ni kiasi gani?

Samaki_wa_Mto · #13

Mmesahau mito na pwani. Chini ya Lengo la 5, lile la maliasili, mji unaweza kufuata kipimo cha tayari: futi 75 kutoka ukingo wa mto mkubwa, ule wenye wastani wa zaidi ya futi za ujazo 1,000 kwa sekunde, na futi 50 kwa kijito chenye samaki. Hizo ni kama mita 23 na 15. Kwa Watanzania mlio humu, sheria yetu ya mazingira ya 2004 inasema mita 60. Namba yetu ni kubwa zaidi, ila kule afisa anaikagua kwenye kila ramani ya kiwanja kabla ya kibali.

Pwani, Lengo la 18 linakataza kuweka mawe ya kuzuia mawimbi mbele ya kiwanja kilichoendelezwa baada ya tarehe 1 Januari 1977. Ukinunua nyumba ya ufukweni, tafuta mwaka huo kwanza. Bahari ikila mchanga, wa kabla ya 1977 anaweza kuomba ukuta. Wa baada yake huhamisha nyumba.

Mgeni_wa_Salem · #14

Basi nimeacha habari ya kujenga. Nikiipata kwa bei nzuri nilime tu mchicha na mahindi ya kuuza sokoni, niishi mjini. Hapo pana kizuizi?

MamaShambani · #15

Kulima hakuna wa kukuzuia, ndiyo kazi ya ukanda ule. Lakini uliza maji kabla ya udongo. Mvua ya bonde la Willamette huja majira ya baridi, na Julai na Agosti karibu hakuna, wakati mchicha ndio unataka kunywa. Kisima cha nyumbani kisicho na kibali kinaruhusiwa galoni 15,000 kwa siku kwa matumizi ya nyumba, na kumwagilia bustani isiyo ya biashara isiyozidi nusu ekari. Mboga za kuuza zinazozidi eneo hilo ni biashara. Kwa hizo unahitaji haki ya maji, na haki hiyo imefungwa kwenye ardhi yenyewe.

Kwa hiyo nenda kwenye tovuti ya idara ya rasilimali za maji ya jimbo, fungua ramani ya haki za maji, tafuta kipande chako. Angalia mambo matatu: haki ni ya ekari ngapi, imechorwa juu ya sehemu ipi ya shamba, na tarehe yake ya kipaumbele, kwa sababu ukame ukija wa tarehe mpya hukatwa kwanza. Kisha muulize muuzaji lini mara ya mwisho alimwagilia. Haki isiyotumika miaka 5 mfululizo inaweza kufutwa. Shamba lililoachwa magugu tangu 2017 linaweza kuwa na karatasi nzuri ya maji isiyo na maji. Mwambie akuonyeshe bili za umeme wa pampu za miaka hiyo. Akisita, usitoe kishika uchumba.